Udi Chini, Asumini Juu

Miongoni mwa mitaa yote ya Nairobi, sidhani kama uko unaoishughulisha pua ya mpita njia kuliko Westlands. Mtu akiingia Sarit Centre, jengo la maduka lililofunguliwa mwaka 1983, au akitembea kidogo mpaka Westgate, hapigi hatua nyingi kabla hajalakiwa na kijana nadhifu aliyeshika ukanda mwembamba wa karatasi, ambaye kwa tabasamu humwambia, "Karibu dada, nusa hii, imeingia juzi tu." Na dada huyo, aliyekuwa njiani kununua mkate, hufumba macho, huvuta pumzi, hutikisa kichwa kwa kuridhia, na kabla ya robo saa kwisha amekwisha kutoa simu yake na kulipa fedha ambazo zingalitosha chakula cha juma zima. Jioni anapofika kwake, Kangemi au Lavington, hukinusa kiganja chake na kustaajabu, kwa kuwa harufu iliyomvutia dukani imekwisha kutoweka, na iliyosalia ni nyingine kabisa, ambayo lau angalikutana nayo mwanzo asingaliinunua hata kwa nusu ya bei.

Si haki kumlaumu kijana yule, wala kuilaumu chupa, maana chupa haikusema uongo. Ilisema neno lake la kwanza tu, na mnunuzi akaondoka kabla haijasema la pili na la tatu. Vitu vinavyounda manukato havina uzito mmoja. Vilivyo vyepesi, kama mafuta ya ganda la limau, la chungwa na la lile tunda la Italia liitwalo bergamoti, huruka upesi, na kwa dakika kumi au kumi na tano za mwanzo ndivyo vinavyotawala; vya katikati, ambavyo aghalabu ni maua na baadhi ya viungo, kama waridi, asumini na mdalasini, hujitokeza baadaye na kukaa saa mbili tatu au zaidi; na vilivyo vizito, kama miti, utomvu, miski, ambari na lavani, huchelewa kujidhihirisha, lakini vikishajidhihirisha hukaa mpaka usiku, na katika nguo huweza kukaa siku kadhaa. Wafaransa, ambao mji wao wa Grasse umekuwa makao ya sanaa hii tangu karne nyingi, huziita tabaka hizi kichwa, moyo na msingi. Basi anayenunua kwa dakika tano hununua kichwa, kisha huishi na msingi.

Jambo ambalo wanunuzi wengi wa Westlands hawalitambui, na ndilo lililonisukuma kuandika, ni kwamba utaratibu huu wa tabaka ulijulikana katika nyumba za Waswahili wa pwani tangu zamani, ijapokuwa hapana aliyeuchorea jedwali. Bibi wa Lamu, wa Mombasa au wa Unguja, siku ya arusi au ya sikukuu, hakujimiminia kitu kimoja akatoka. Mwili wake ulisingwa kwa singo au kupakwa liwa. Nguo zake zilifukizwa udi. Mafuta ya halwaradi au ya sandali yaliguswa nyuma ya masikio na shingoni. Na mwisho kabisa, wakati wa kutoka, kikuba cha asumini, rihani na mkadi kilibanwa kifuani au kufungwa nyweleni. Tazama mpango huo kwa makini, msomaji, utaona kwamba kilichotangulia ni kizito kinachodumu, kilichofuata ni cha wastani, na kilichokuja mwisho ni ua bichi ambalo uhai wake ni wa usiku mmoja. Bibi huyo alijenga kutoka chini kwenda juu, ilhali mnunuzi wetu wa Sarit huchagua kutoka juu na kutumaini kwamba chini patajitengeneza penyewe. Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa Unguja akaolewa na Mjerumani na kuitwa Emily Ruete, alipochapisha kumbukumbu zake mwaka 1886 kwa wasomaji wa Ulaya, hakuacha kutaja wingi wa manukato katika maisha ya mabibi wa jumba la baba yake.

Wala mtu asidhani kwamba mambo haya yamebaki pwani. Yako hapa hapa. Katika ghorofa za Parklands na za Eastleigh, kwa familia zilizohamia kutoka Lamu, Mombasa, Kismayu au Zanzibar, Ijumaa asubuhi utamwona mama wa makamo akiweka makaa mawili matatu juu ya jiko la gesi mpaka yawe mekundu, kisha akiyahamishia katika chetezo na kuyaacha, huku akiendelea na shughuli nyingine, mpaka yavae jivu jeupe. Hapo ndipo hutwaa kijipande cha udi kisichozidi ukucha na kukilaza pembeni mwa kaa, si juu yake. Mpwa wake aliyezaliwa jijini, ambaye hana subira, huuliza, "Shangazi, mbona hutii kipande kikubwa tumalize?" naye humjibu bila kugeuka, "Udi hauchomwi, mwanangu; udi huoteshwa moto." Moshi wa kwanza hupaa mwembamba, wenye rangi ya samawati, kanzu na buibui hutandazwa juu ya kitundu cha ukindu kilichofunika chetezo, zikigeuzwa ndani nje, kwa kuwa harufu iliyoingia upande wa ndani hudumu zaidi kuliko iliyopigwa juu juu, na ikiwa moshi utageuka mweupe mzito, wenye ukali wa kitu kilichoungua, kijipande huondolewa mara moja kwa koleo, maana kilichobaki hapo ni kuni. Baadhi ya ghorofa mpya za Westlands zina ving'ora vya moshi vinavyolia kwa ubani wa punje mbili, na kwa sababu hiyo vyetezo vya umeme vimepata soko. Vinafaa, ingawa mimi, kwa ladha yangu, naona huutoa udi roho nusu.

Udi wenyewe una hikaya yake. Mti uutoao, wa jamaa ya Aquilaria, humea Assam, Kambodia, Indonesia na nchi jirani, nao ukiwa mzima hauna harufu ya kusifika. Ni pale unapojeruhiwa na kuingiwa na kuvu ndipo hujikinga kwa kutoa utomvu mweusi ndani ya shina, na utomvu huo ndio udi. Kwa kuwa watu waliukata bila huruma, aina zote za mti huo zimekuwa chini ya ulinzi wa mkataba wa kimataifa wa CITES tangu mwaka 2005, na udi halisi umekuwa ghali kuliko watu wa kawaida wawezavyo kumudu. Kwa hiyo mwingi unaofukizwa majumbani ni ule wa kupikwa kwa sukari, ambamo vipande vya mti usio wa daraja ya juu huchanganywa na shira, marashi na mafuta ya kunukia, kisha hukaushwa. Wasomali wa Eastleigh wana ndugu yake waitao uunsi. Simwoni mtu wa kudharauliwa kwa kuutumia. Udi wa sukari uliopikwa vizuri ni msingi mwema zaidi kuliko chupa ya bei kubwa iliyochaguliwa kwa pupa.

Karibu nasi zaidi ziko bidhaa ambazo Mnairobi hupita akizinunua kwa jina la Kifaransa ilhali chanzo chake ni jirani. Mlangilangi, ua la manjano ambalo visiwa vya Ngazija na wenzake ndio wakuzaji wake mashuhuri duniani, umo katika Chanel No. 5, manukato yaliyoundwa na Ernest Beaux mwaka 1921 na ambayo mpaka leo husimama nyuma ya vioo vya maduka makubwa. Karafuu ya Unguja na Pemba hutoa eujenoli, na kutokana na eujenoli hiyo wanakemia wa karne ya 19 walijifunza kutengeneza vanilini, ile harufu ya lavani iliyojaa katika manukato matamu wanayoyapenda vijana wa leo. Kaskazini ya Kenya, katika nchi kavu ya Wajir, Isiolo, Samburu na Marsabit, wafugaji huokota ubani na manemane kutoka katika miti ya porini na kuwauzia wafanyabiashara wanaopeleka ng'ambo. Ama msandali wetu wa Kiafrika, ambao jina lake la kitaalamu ni Osyris lanceolata, hadhari inatakiwa: ulivunwa kwa magendo kiasi cha kung'olewa na mizizi, serikali ya Kenya ikapiga marufuku uvunaji wake mwaka 2007, na ulinzi wa CITES ukafuata mwaka 2013. Muuzaji akikuambia mafuta yake ni ya sandali ya hapa nchini, una haki ya kumwuliza ameyapata wapi.

Na waridi je? Hapa kuna kichekesho. Kenya ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa maua ya waridi duniani, na kwenye City Market ya Mtaa wa Muindi Mbingu mafungu yake hujaa kila siku. Lakini mtu akiliinamia ua na kulinusa, mara nyingi hapati kitu. Maua haya yalizalishwa yawe na shina refu, rangi thabiti na uwezo wa kustahimili safari ya ndege na siku kumi katika chombo cha maji, na katika kutafutiwa sifa hizo yalipoteza harufu. Mwaka 2015 wataalamu nchini Ufaransa walionyesha kwamba waridi lisilonukia hukosa utendaji wa kimeng'enya fulani ambacho katika waridi la zamani ndicho kinachotengeneza sehemu kubwa ya ule utamu. Kwa hiyo anayetaka kuijua harufu ya waridi asiende kwa muuza maua. Aende kwa muuza mafuta.

Wauza mafuta wako katikati ya jiji, kwenye vijia vinavyouzunguka Msikiti wa Jamia na kuelekea Biashara Street, na wengine Eastleigh. Duka huwa dogo, rafu zimejaa chupa za kioo zenye vizibo vizito, na muuzaji hufyonza mafuta kwa bomba la sindano na kuyatia katika kichupa mbele ya macho yako, kwa kipimo cha tola au sehemu ya tola, ambayo ni kama gramu 11 na nusu hivi. Mafuta haya hayana spiriti, na kwa ajili hiyo hupendwa na Waislamu wanaojiepusha na spiriti hata ya kupaka, ingawa wako wengine wanaoitumia kwa fatwa za wanazuoni wao. Ni elimu ya kale. Katika karne ya 9 mwanafalsafa al-Kindi wa Baghdad aliandika kitabu cha manukato chenye mapishi zaidi ya mia moja. Na huko Kannauj, India, mpaka hivi leo mvuke wa maua ya waridi huongozwa kutoka katika sufuria ya shaba na kuingizwa ndani ya mafuta ya sandali, hata moyo na msingi vikawa kitu kimoja tangu kuzaliwa. Attari za namna hiyo hazikosekani kwa Wahindi wa Parklands, na kwa anayeanza sijui mwalimu bora. Fauka ya hayo, muuza mafuta hukuuzia kidogo. Robo tola haimfilisi mtu, ilhali chupa ya Westlands huuzwa nzima au usiipate.

Hapa hapana budi nieleze juu ya pua, kwa kuwa watu hugombana bure katika jambo hili. Mwaka 1991 Linda Buck na Richard Axel, huko Marekani, walitangaza ugunduzi wa jamaa kubwa ya jeni zinazoiwezesha pua kupokea harufu, na mwaka 2004 wakapewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Binadamu ana takriban aina 400 za vipokezi hivyo, na hapana watu wawili, ila labda pacha wa kufanana, ambao vyao ni sawasawa. Wako watu wasionusa kabisa baadhi ya miski. Wako ambao kitu kile kile kinachomfurahisha jirani huwanukia mkojo. Kwa hiyo shoga yako akikuambia kwamba manukato yake ni ya peponi, hasemi uongo, lakini anaisemea pua yake. Ngozi nayo ina hukumu yake: ngozi kavu hupoteza harufu mapema, yenye mafuta huishikilia; na hali ya hewa huingia kati. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na katika mwezi wa Julai, wakati mawingu yanapokaa siku nzima juu ya Waiyaki Way na watu wakavaa masweta, udi na ambari zinazoelemea Mombasa huwa starehe, ilhali limau na maua mepesi hujikunyata yasisikike. Mtu aliyenunua chupa akiwa likizoni Nyali asishangae akiifungua Westlands na kuiona imenyamaza.

Kwa sababu zote hizi, kuchagua kwapasa kuwe kwa taratibu. Nenda dukani ukiwa hukujipaka kitu. Nusa kwanza kwenye karatasi, ili uyakatae yale yasiyokufaa, kwa kuwa karatasi ni nzuri kwa kukataa na mbaya kwa kukubali. Kisha yale mawili yaliyosalia, moja litie mkono wa kulia na jingine mkono wa kushoto, wala usiisugue mikono, maana kusugua huongeza joto na kuziharakisha zile nyepesi. Likiletwa bakuli la buni za kahawa ili usafishe pua, shukuru kwa ukarimu, lakini jua kwamba uchunguzi uliochapishwa mwaka 2011 haukuona kahawa ikiishinda hewa tupu. Nusa ndani ya kiwiko chako mwenyewe ukitaka. Kisha ondoka. Kanywe chai, kafanye shughuli zako, panda matatu, pika, na kila baada ya saa moja uirudie mikono hiyo. Ule ambao jioni bado unauinua kuunusa, bila kukumbuka kwamba unaujaribu, huo ndio wenye harufu yako.

Maandishi ya chupa yanasaidia kidogo. Iliyoandikwa Eau de Cologne ina mafuta machache, aghalabu asilimia 2 hadi 4. Eau de Toilette huwa baina ya 5 na 15. Eau de Parfum 15 hadi 20. Na iliyoandikwa Parfum hupita hapo. Lakini wingi wa mafuta si wema wa mafuta. Na maneno "ya kiume" na "ya kike" ni ya wafanyabiashara. Mwanamume wa Oman huvaa dishdasha yenye kishada kidogo shingoni, furakha, ambacho hutiwa manukato, na udi, waridi na zafarani kwake si mambo ya kike; na babu zetu wa pwani walijirashia mawaridi kwa mrashi bila kumwuliza mtu. Kijana wa Westlands anayependa waridi na anaogopa kuchekwa ofisini, na alipake juu ya udi, aone kama kuna atakayecheka.

Tuje kwenye kuchanganya, ambako ndiko kwenye raha yenyewe. Lililo kubwa ni kuchagua atakayetawala. Harufu mbili zenye nguvu sawa, kila moja ikidai kiti, hukorofishana. Moja ikiwa sultani na nyingine waziri, mambo hunyooka. Udi na waridi ni wawili waliokubaliana tangu dahari, kwa sababu waridi lina utamu ambao udi hauna na udi una kina ambacho waridi halina. Sandali ni mpole, haikatai mgeni; ndiyo maana wanaoanza huambiwa waanze nayo. Ubani hupatana na lavani vizuri ajabu, ukavu wa mmoja ukiuzuia mwingine usiwe keki. Asumini yataka uangalifu: ndani yake mna indoli, dutu ambayo pia imo katika kinyesi, na kiasi chake kidogo ndicho kinacholifanya ua liwe hai, lakini ukiiongezea mlangilangi bila mti wowote wa kuwatenganisha, maua hayo mawili hujazana mpaka kichwa kikauma. Tia sandali baina yao, au mtarakwa, utaona hewa imepita. Na pale mchanganyiko unapokuwa mzuri lakini mzito, tone la chungwa au la mchaichai huufungulia dirisha, ijapokuwa kwa muda mfupi.

Njia nyepesi ya kujua kama viwili vitapatana ni kuvinusa kwa zamu kutoka mikono miwili kabla ya kuvikutanisha mahali pamoja, na kutafuta kama vina mwenzi mmoja wa pamoja ndani yake: mafuta ya waridi chini ya manukato ya dukani yenye waridi, sandali chini ya yenye sandali. Hapo chupa uliyokwisha kuinunua, na ambayo ulikaribia kumpa mdogo wako, huweza kuokoka. Anza na mafuta, yaache yaingie ngozini, kisha rashia ya spiriti juu yake. Nguo iliyofukizwa jana usiku ni msingi tosha kwa manukato mepesi ya leo asubuhi. Na anayetaka kuchanganya ndani ya kichupa, ahesabu kwa matone: matatu ya sandali, mawili ya waridi, moja la udi, kwa mfano, kisha aandike hesabu hiyo katika daftari, kwa maana hapana uchungu kama kupata harufu ya maisha yako na kushindwa kuirudia. Kichupa na kifungwe, kiwekwe kabatini kwa juma moja au mawili kabla ya kuhukumiwa. Mafuta mapya yaliyokutana leo bado hayajazoeana.

Nitahadharishe pia, pasi na kutisha. Mafuta halisi ya karafuu na ya mdalasini huunguza ngozi yakipakwa bila kuzimuliwa. Tone moja katika tola nzima latosha, na kwa wengine ni kubwa. Mafuta ya kukamuliwa ya limau, ndimu na bergamoti, yakipakwa kisha mtu akakaa juani, huweza kuacha mabaka meusi yasiyotoka upesi. Jaribu kwanza ndani ya kiwiko, ngoja siku. Chupa isiwekwe bafuni wala kwenye dashibodi ya gari, kwa kuwa joto na mwanga huiharibu. Kabatini, ndani ya kasha lake, hudumu miaka. Ama bidhaa za bandia, Kenya ina sheria tangu mwaka 2008 na mamlaka ya kuzisaka, lakini mlinzi wa kwanza ni risiti.

Lipo na suala la kiasi, ambalo ni suala la adabu. Pua huchoka na kile ilichozoea, na kwa hiyo mwenye manukato ndiye wa mwisho kuyasikia. Asubuhi hujipaka, baada ya nusu saa hudhani yamekwisha, hujiongezea, na hapo ndipo huingia katika lifti ya ghorofa kumi na tano pamoja na watu tisa wasio na pa kukimbilia. Yatosha mahali pawili, shingoni na nyuma ya masikio, au ndani ya mikono. Anayekwenda kumzuru mgonjwa katika Hospitali ya Aga Khan, au anayefanya kazi jikoni, na aache kabisa.

Kwa anayetaka kuanza mwezi huu, shauri langu ni kwamba asinunue chupa yoyote Westlands kwa sasa, bali atumie Jumamosi moja kunusa bure huko Sarit na Westgate, aandike majina ya yaliyodumu mkononi mwake hadi usiku, kisha Jumatatu ateremke mjini kwa wauza mafuta akanunue robo tola ya sandali na robo tola ya waridi. Avae hizo mbili kwa mwezi mzima, peke yake na kwa pamoja, akiongeza udi wa kufukiza siku za Ijumaa au Jumapili. Mwezi ukiisha atajua kama yeye ni mtu wa mti au mtu wa ua, na akirudi kwenye vile vioo atakuwa na swali la kumwuliza kijana mwenye karatasi, yaani chini ya manukato haya mna nini. Na kijana akishindwa kulijibu, au akimkataza kuondoka nayo mkononi mpaka jioni bila kulipa, aende duka la pili. Westlands hayakosekani.